Kokoto mdomoni mwa luteni: ni ishara au ni kokoto tu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea ualimu huku Kakamega. Tumepewa insha juu ya taashira, yaani matumizi ya ishara, katika hadithi fupi ya Tim O'Brien, The Things They Carried, inayohusu wanajeshi vijana vitani Vietnam. Kitini tulicho nacho kinasema kokoto ni ishara ya mapenzi, Biblia ni ishara ya imani, barua ni ishara ya nyumbani, orodha ndefu hivyo. Nimeisoma hadithi tena na tena na sioni kama mwandishi ameficha kitu. Anataja vitu na uzito wake tu. Je, kila kitu wanachobeba wale vijana ni ishara? Nitajuaje ipi ni ishara na ipi siyo? Na siku nikitaka kuandika hadithi yangu kuhusu vijana wa kwetu walioenda jeshini, nitachagua vipi ishara za kutumia?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali matatu, na la katikati ndilo lenye nyama, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaipata hadithi yenyewe. O'Brien ni Mmarekani aliyeitwa jeshini mwaka 1968 na kutumikia Vietnam kati ya 1969 na 1970. Hadithi ilitoka katika jarida la Esquire mwaka 1986, na mwaka 1990 ikafungua kitabu chenye jina hilohilo. Ni kikosi kidogo cha vijana wanaotembea kwa miguu wakiongozwa na Luteni Jimmy Cross, mwenye umri wa miaka 24. Luteni anampenda Martha, mwanafunzi wa chuo huko New Jersey, ambaye humwandikia barua nzuri zisizo na ahadi yoyote ndani yake. Katikati ya Aprili, nje ya kijiji cha Than Khe, kijana mmoja aitwaye Ted Lavender anapigwa risasi ya kichwa akitoka kukojoa. Saa hiyo mawazo ya luteni yako kwa Martha. Wenzake Lavender wanakiteketeza kijiji, wanaua hata kuku na mbwa. Asubuhi yake, mvua ikinyesha, luteni anachutama ndani ya shimo alilojichimbia na kuchoma barua na picha za Martha. Matukio ni hayo tu. Kilichobaki, na ndicho kingi, ni orodha ya nani alibeba nini na kilikuwa na uzito gani.

Sasa hicho kitini. Mtu akikwambia Biblia ni ishara ya imani, hajakwambia neno ambalo hukulijua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Ungeweza kusema hivyo juu ya Biblia yoyote katika hadithi yoyote, hata usiyoisoma. Hebu tuiangalie hii yenyewe. Ni Agano Jipya lenye picha, mali ya Kiowa, kijana wa wenyeji asilia wa Marekani, Mbaptisti wa dhati, na alipewa na babake ambaye ni mwalimu wa shule ya Jumapili huko Oklahoma City. Usiku wa kuamkia siku ya pili ya kifo cha Lavender, Kiowa amejilaza gizani na Agano Jipya liko chini ya shavu lake. Halisomi. Anafurahia harufu yake: ngozi, wino, karatasi, gundi. Angependa kumwombolezea Lavender, angalau aumie kama anavyoumia luteni, lakini huzuni imegoma kuja. Kinachomjia ni raha ya kuvua viatu na kujikuta yu hai. Hapo ndipo penye mali. Neno la Mungu limekuwa mto wa kulalia, na faraja anayoipata kijana huyu inaingilia puani. Ukiandika "ishara ya imani" ukaweka nukta, umeruka yote hayo na kwenda zako.

Kwa hiyo sisemi kitini ni kibaya, nasema kimeishia njiani. Kinachukua kitu, kinakipa jina la maana yake, kisha kinahamia kitu kingine, kana kwamba mwandishi alifunga maana ndani ya vitu na kazi yako ni kufungua vifurushi. Wewe ulipohisi kwamba hakuna kilichofichwa ulikuwa karibu zaidi na hadithi kuliko kitini. Usiuache wasiwasi huo, utakusaidia kuandika.

Swali lako la kwanza, basi. Kila kitu ni ishara? Hapana. Dawa ya mbu ni dawa ya mbu. Vidonge vya chumvi ni vidonge vya chumvi. Poda ya miguu ya Dave Jensen ni ya kuzuia miguu isioze kwa maji, nami nitamwekea alama nyekundu mwanafunzi atakayeniambia kwamba poda ile ni utakaso wa roho. Lakini vitu hivi visivyo na maana nyingine vina kazi kubwa, na wasomaji wengi huvipita mbio. Tazama mpangilio wa orodha. Akishazitaja barua za Martha, mwandishi anaanza na vitu ambavyo hakuna atakayebishana naye: kifungulia kopo, kisu, saa, sigara, kiberiti, maji. Vyote pamoja ni ratili 15 hadi 20, yaani kilo saba hadi tisa. Kofia ya chuma ratili tano. Kisha vitu vya kazi: redio ya Mitchell Sanders, ratili 26 pamoja na betri, karibu kilo 12, zaidi ya nusu ya mtungi wa maji wa lita 20. Bunduki kubwa ya rashasha ratili 23 kabla hujatia risasi. Tarakimu zinakuja kavu, kama karatasi ya stoo ya jeshi. Baada ya kurasa chache umeizoea mizani ile na kuiamini. Huulizi tena. Ndipo anapopandisha juu yake hofu, mapenzi, aibu, sifa njema anazoogopa mtu kuzipoteza mbele ya wenzake, na kukwambia kwamba navyo vilikuwa na uzito. Unakubali, kwa sababu mizani ni ileile iliyopima kofia.

Hiyo mizani ndiyo ishara kuu ya hadithi, na kitini chenu, kwa jinsi ulivyokieleza, hakikuitaja hata mara moja. Vitu vidogovidogo vinapata nguvu kwa sababu vimepimwa. Kama O'Brien angefungua kwa kusema kwamba vijana walibeba hofu mioyoni, tungetikisa kichwa na kusahau.

Wewe uko Kakamega, bila shaka una rafiki wa Bungoma. Kijana wa Kibukusu anapopelekwa mtoni alfajiri siku ya tohara na kupakwa matope mwili mzima, mzee yeyote aliyesimama kando ya njia anaweza kukueleza maana ya matope yale. Muulize kijana mwenyewe. Jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba yalikuwa baridi. Maana ya wazee ni ya kweli, lakini imekaa juu ya baridi ile. Ondoa baridi na kinachobaki ni maelezo. Katika hadithi hii uzito ndio baridi.

Sasa swali la katikati: utaijuaje ishara? Nina kipimo changu ninachokitumia darasani hapa Nakuru, nacho si sheria ya mtu yeyote, ni cha kunisaidia kusoma. Nasimama pale kitu kinapobadilisha mkono au kubadilisha kazi. Kikibaki kwa mwenyewe, kikifanya kazi kilichotengenezewa, nakiacha kipite. Kikitoka kwa huyu kikaenda kwa yule, au kikatumiwa kwa jambo ambalo aliyekitengeneza hakulifikiria, natoa kalamu.

Jaribu kwa koti la mvua. Kila askari ana koti la plastiki la kijani, na pamoja na kitambaa chake cha ndani lina uzito wa karibu ratili mbili. Mwandishi anatueleza kama muuza duka: linafaa kwa mvua, linatandikwa chini, linaweza kuwa hema. Anaongeza kwamba kila wakia ya uzito ule ilikuwa na faida. Kisha, bila kubadilisha sauti, anatoa mfano wa faida hiyo: Lavender alipouawa walimfunga ndani ya koti lake, wakamvusha nalo shamba la mpunga, wakampandisha nalo kwenye helikopta. Ni sentensi moja tu, na imekaa palepale pa matumizi ya kawaida. Kijana alibeba sanda yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, na kila mmoja wa waliobaki anaendelea kubeba yake. Mwandishi hajalisema hilo. Amelifikisha kwa kuongeza tumizi la nne kwenye orodha ya matumizi. Kwangu mimi koti hili linashinda kokoto kwa mbali, na sijui kwa nini insha nyingi huliruka. Labda kwa sababu si zuri kutazama.

Lakini mahali ninapotaka ukae sana ni kwenye kishoka na kidole gumba. Soma ukurasa ule polepole.

Kiowa, pamoja na Agano Jipya la babake, ana vitu viwili kutoka kizazi cha nyuma: kutomwamini mzungu, alikokupata kwa bibi yake, na kishoka cha kuwindia cha babu yake. Vyote viwili vimewekwa sentensi moja, kimoja kinashikika, kingine hakishikiki. Kishoka ni urithi, kumbukumbu ya watu walionyang'anywa ardhi na jeshi la nchi hiyohiyo ambayo sasa kijana wao amevaa sare yake. Kingebaki kwenye begi la Kiowa, ningesema sawa, ni urithi, tuendelee.

Hakibaki. Kikosi kinakuta maiti ya kijana wa upande wa pili katika mfereji wa maji ya shamba, imeungua vibaya, nzi mdomoni na machoni. Ana umri wa miaka 15 au 16. Amevaa kaptura nyeusi na kandambili. Mitchell Sanders anamshika kifundo cha mkono, ananyamaza kidogo kama anayehesabu mapigo ya moyo, anampapasa tumbo karibu kwa upendo, kisha anakata kidole gumba chake. Anakikata kwa kishoka cha Kiowa. Anakifunga kwa karatasi ya chooni na kumkabidhi askari mwenzake, Norman Bowker, kama zawadi. Kidole hakizidi wakia nne, kama gramu 110, nacho kinaingia kwenye orodha ya vitu anavyobeba Bowker, ambaye tumeambiwa ni mtu mpole sana.

Hesabu mikono. Kishoka kimetoka kwa babu hadi kwa mjukuu, kutoka kwa mjukuu hadi kwa Sanders. Kidole kimetoka kwa mtoto asiye na jina hadi kwa Bowker. Urithi wa watu walioonewa umetumika kumkata mtoto wa watu wengine wanaoonewa, na mwenye kishoka hasemi kitu. Hatuambiwi hata kama alikitoa mwenyewe au kilichukuliwa. Usikimbilie kuandika kwamba kishoka ni ishara ya unafiki wa vita. Kieleze kilivyosafiri. Msomaji wako atafika mwenyewe.

Kuna jambo lingine pale ambalo wanafunzi wangu huliona wakishasoma mara ya pili. Baada ya kutueleza sura ya maiti, msimulizi anatwambia yule mtoto naye alikuwa amebeba nini: kifuko cha mchele, bunduki, na kasha tatu za risasi. Orodha yake imeisha. Hana picha, hana barua, hana dawa ya mbu, hana uzito uliopimwa. Kitenzi ni kilekile kilichotumika kwa Wamarekani, lakini mizani haikuletwa. Unaweza kuandika ukurasa mzima juu ya kukosekana kwa mizani hapo: ni nani anayepimiwa mzigo wake na nani asiyepimiwa, na kama upungufu huo ni wa mwandishi au ni wa macho ya wale vijana. Mimi naamini ni wa macho yao, na kwamba O'Brien ameuacha makusudi. Mwenzangu mmoja wa kufundisha hakubaliani nami, anasema ni fasihi ya Marekani inayojitazama kwenye kioo kama kawaida yake. Chagua upande na uutetee.

Sasa sikiliza wanayozungumza wakati kidole kinakatwa, kwa maana ndipo jibu la swali lako lilipojificha, kama kuna kilichojificha. Sanders anasema pale pana funzo. Henry Dobbins, askari mwingine wa kikosi, anauliza funzo gani. Sanders anatabasamu, anakipiga teke kichwa cha maiti, nzi wanatawanyika, anataja kipindi cha zamani cha televisheni. Dobbins anafikiri, kisha anasema yeye haoni funzo. Sanders anajibu kwamba hilo ndilo lenyewe. Yaani ndani ya hadithi kuna mtu anayefanya kazi ya kitini chenu, anashika kitu mkononi na kutangaza kwamba kina maana, na kuna mwenzake anayekataa, na mazungumzo yanaisha bila maana kupatikana. Askari wenyewe wanabishana kuhusu taashira wakiwa wamesimama juu ya maiti ya mtoto. Mwandishi anayeweka tukio kama hilo anakuonya wewe msomaji uangalie unavyookota maana.

Kiowa naye yuko upande wa Dobbins kwa namna yake. Yeye alimwona Lavender akianguka, na hachoki kulieleza: hakuzunguka, hakujitupa kama kwenye sinema, alishindiliwa chini tu, kama saruji. Anarudia mpaka Bowker anachoka kusikia. Nimesoma insha zinazosema saruji ni ishara ya ugumu wa vita. Jamani. Kiowa anahangaika kutafuta namna ya kusema kwamba kifo kile hakikufanana na kitu chochote, na kifaa pekee alicho nacho ni mfano. Anaukataa urembo na bado anaangukia kwenye mfano. Hangaiko hilo ndilo la kuandikia.

Tufike kwenye kokoto, maana najua unalisubiri.

Kokoto limetoka kwa Martha wiki ya kwanza ya Aprili. Uzito wake ni wakia moja, haizidi gramu 28. Ni jeupe kama maziwa, lina madoa ya rangi ya machungwa na zambarau, umbo la yai dogo. Martha amemwandikia luteni kwamba aliliokota ufukweni, pale hasa ambapo nchi kavu inakutana na maji wakati maji yamejaa, pale ambapo vitu vinakutana na pia kuachana, na ndiyo sababu amemtumia kama alama ya hisia zake za kweli. Umeona? Kokoto limekuja na kitini chake. Martha ameshalitafsiri kabla halijatiwa kwenye bahasha. Na luteni, pamoja na mapenzi yake yote, anabaki kujiuliza hisia hizo za kweli ni zipi hasa, na siku ile ufukweni Martha alikuwa na nani. Anaona vivuli viwili kwenye mchanga. Maana aliyopewa haimtoshi hata yeye mwenyewe.

Anachofanya ni kulitia mdomoni. Wakiwa kwenye matembezi analizungusha kwa ulimi, anaonja chumvi ya bahari, na akili inaondoka Vietnam. Kazi ya kokoto imebadilika: lilikuwa ujumbe, sasa ni njia ya kutoroka. Na hapa mizani inafanya ukatili wake. Lavender, ambaye alikuwa mwenye hofu, siku ile alikuwa amebeba makombora 34 ya bunduki yake, zaidi ya ratili 20 za makombora peke yake, juu yake koti la kuzuia risasi, chakula, maji, bangi na vidonge vya kumtuliza, na hofu. Hofu ya Lavender ndiyo pekee ambayo msimulizi anasema waziwazi haikupimwa. Upande mmoja mtu aliyeelemewa kuliko wote, upande wa pili kokoto la wakia moja mdomoni mwa mkubwa wake. Luteni anaamini hicho chepesi ndicho kilichomuua Lavender. Sina hakika kwamba hadithi inakubaliana naye. Mlenga shabaha hakuhitaji ruhusa ya mawazo ya luteni. Ila yeye anaamini.

Ndipo tunaambiwa kwamba lawama ile ataibeba kama jiwe tumboni hadi mwisho wa vita. Weka kidole hapo. Kokoto lilikuwa mdomoni. Sasa kuna jiwe tumboni. Na mwishoni kabisa, anapopanga namna ya kuachana na kokoto la Martha, njia ya kwanza inayomjia ni kulimeza. Nyingine ni kulirusha kwa manati ya Lee Strunk, au kuliangusha tu njiani. Hadithi inafungwa bila kutwambia alichagua ipi. Kwa hiyo ukiniuliza kokoto linaashiria nini, nitakujibu kwamba inategemea liko wapi mwilini. Kwenye bahasha ni maneno ya Martha. Mdomoni ni utoro. Tumboni ni hatia, na hapo halikohozwi.

Kuhusu barua nitakwenda haraka. Kitini kinasema ni nyumbani, na kuzichoma ni kuiacha nyumbani na kuwa askari kamili. Luteni mwenyewe angependa iwe hivyo. Lakini msimulizi hampi: luteni anatambua palepale kwamba kuchoma ni tendo la maonyesho tu, la kijinga, kwamba barua ziko kichwani mwake tayari, na kwamba lawama haichomeki. Mtu ametafuta ishara, ameitekeleza kwa mikono yake, na haikufanya kazi. Wakia kumi zimepungua begini na mzigo umeongezeka.

Swali lako la tatu, la hadithi yako. Vijana wa pande zetu hawakuanza kubeba mizigo ya vita jana. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu walichukuliwa, wengi wao kutoka Nyanza, wakawe wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika kampeni ya kuelekea koloni la Wajerumani lililoitwa Tanganyika baadaye, na magonjwa na njaa viliwaua kuliko risasi. Ukifika Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, kuna sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmoja wa wale watatu ni mchukuzi, na maandishi yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha King's African Rifles, askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, walipelekwa Burma katika vita vya pili. Na tangu 2011 wako wa umri wako waliokwenda Somalia. Huna uhaba wa hadithi.

Ila usianze na sanamu. Sanamu imeshatafsiriwa na serikali iliyoisimamisha. Anza na begi. Mwaka fulani niliwapa wanafunzi zoezi la kuorodhesha vitu ambavyo ndugu au jirani yao alifungasha siku ya kuondoka, maana hapa Nakuru, na kambi ya Lanet kando yetu, ni wachache wasiomjua mwanajeshi. Orodha za kwanza zote zilifanana: Biblia, picha ya mama, bendera. Nikawarudisha wakaulize watu wenyewe. Waliporudi nikapata soksi jozi nyingi, chaja, mafuta ya kuchua mgongo, uzi na sindano, na mmoja alileta hii: chupa ndogo ya pilipili ya kusaga, kwa sababu kaka yake alisikia chakula cha huko hakina ladha. Darasa lilicheka. Nami nikawaambia chupa ile ina hadithi, kama mwenye nayo atamwonjesha mtu, au ataibiwa, au itarudi nyumbani ikiwa imebaki robo. Maana yake sikuijua na sikutaka mtu anitajie. Iandikwe kwanza, ipite mikono miwili mitatu, itajisema.

Jambo la ziada, kwa sababu ya yule mtoto wa mferejini: aliye upande wa pili mfungashie begi lake pia. Na lipime.

Turudi kwenye insha yako kabla sijaweka kalamu. Usiipange kwa vitu, kokoto aya moja, Biblia aya moja, barua aya moja, kwa sababu utaishia kuandika kitini kwa mwandiko wako. Ipange kwa safari ya kitu kimoja au viwili. Badala ya "Kishoka kinaashiria urithi wa Kiowa", andika hivi: "Kishoka ambacho babu alikitumia kuwindia kinaonekana kikifanya kazi mara moja tu katika hadithi nzima, na kazi hiyo ni kukata kidole cha mtoto aliyekufa, kinachofanya kazi hiyo ni mkono wa mtu mwingine, na Kiowa yuko kimya." Hapo una dai, una ushahidi, na una la kuendelea nalo. Ukimaliza rasimu, zungushia duara kila mahali ulipoandika "inaashiria" na ujaribu kuisema sentensi hiyo kwa kitenzi kinachoonyesha kitu kikitendeka. Nyingine zitakataa, ziache.

Hukusema umepewa kurasa ngapi. Kama ni chache, liache kokoto kabisa, uchukue kishoka peke yake na ule mfereji. Darasa zima litakuwa limeandika juu ya kokoto.